Digrii ya mchungaji haitatuokoa na manabii wa uongo

Kila likitokea sakata la nabii au mchungaji, kanda ya ziwa yote hii lazima atokee mtu aseme "na sisi tufanye kama Rwanda, hakuna kuhubiri bila digrii". Inasemwa kwenye daladala, inasemwa vijiweni, kwenye magrupu ya WhatsApp ndo usiseme, na anayeisema mara nyingi ni mtu mwenye nia njema kabisa ambaye amechoka kuona mama zake wanauza viwanja ili wapeleke sadaka ya kufungua milango. Sheria ya Rwanda ni ya mwaka 2018. Ilitaka viongozi wa dini wawe na elimu ya chuo kwenye mambo ya dini, ikawapa miaka mitano wajipange, alafu mwaka 2024 ukaja ukaguzi wa nguvu na nyumba za ibada zaidi ya 5,000 zikafungwa. Ukifuatilia sababu utakuta nyingi ni za kawaida tu, vyoo, kelele, majengo yasiyo salama, vibali. Lakini stori iliyovuka Kagera ikatufikia huku Mwanza ni moja tu, kwamba wenzetu wamewafungia wasiosoma.

Mimi naona hili jambo tumelielewa vibaya, na sio kwa sababu nawapenda sana hao manabii. Tatizo ni kwamba chini ya hoja ya digrii kuna dhana nyingine ambayo hatuisemi kwa sauti, kwamba dini kali ni ugonjwa wa watu ambao hawakwenda shule, kwamba mtu akisoma anapoa, na kwamba anayedanganywa anadanganywa kwasababu hajasoma vya kutosha. Ninachosema mimi ni kwamba huku kwetu elimu haipunguzi imani, inabadilisha tu namna mtu anavyoamini, na hiyo namna inategemea zaidi alisomea kwa lugha gani na aliruhusiwa kuuliza maswali kiasi gani kuliko idadi ya miaka aliyokaa darasani. Kama niko sahihi basi digrii ya mchungaji ni dawa ya ugonjwa mwingine.

Tuanze kwa haki, wanaosema elimu inapunguza dini hawajalitoa hilo hewani. Ushahidi upo na mwingine ni mzuri. Mwaka 2013 Miron Zuckerman na wenzake walikusanya tafiti 63 zilizopima akili na ushikaji wa dini, na 53 kati yake zilionyesha vinaenda kinyume, akili ikipanda dini inashuka. Kuna kazi ya Daniel Hungerman ya 2014 kuhusu Kanada ambayo mimi naiona ina nguvu zaidi, maana yeye hakulinganisha tu waliosoma na wasiosoma (hao wanatofautiana kwa mambo mia), aliangalia majimbo yalipobadilisha sheria ya kulazimisha watoto kukaa shule muda mrefu zaidi, akakuta kila mwaka mmoja wa ziada wa shule ulipunguza kwa kama pointi 4 za asilimia uwezekano wa mtu kuja kusema ana dini. Uturuki nako walipopandisha elimu ya lazima kutoka miaka 5 kwenda 8 mwaka 1997, wasichana walioangukia upande wa sheria mpya walikuja kuonekana wanashika dini kwa kulegea kidogo kuliko dada zao waliowatangulia. Kwahiyo mtu akisema shule inaweza kupunguza dini, simbishii. Inaweza, na kuna mahali imefanya hivyo.

Ila soma vizuri hizo namba. Ule uhusiano wa Zuckerman ukiuweka kwenye kipimo cha kitakwimu unatoka kama -0.24, na kwa anayejua hesabu hizo maana yake ni kwamba katika tofauti zote za dini zilizopo kati ya mtu na mtu, akili inaeleza kama asilimia 6 tu, asilimia 94 iliyobaki ni mambo mengine kabisa, wazazi, nchi, umri, kipato, ndoa, msiba uliokupata. Alafu sehemu kubwa ya tafiti zile zilifanyika Marekani. Na huko huko Marekani taasisi ya utafiti ya Pew walipochapisha takwimu za 2017 ikaonekana kitu cha ajabu kidogo, kwamba kweli wenye digrii kwa ujumla ni wachache wanaosema dini ni muhimu sana kwao, lakini ukichukua Wakristo peke yao, wenye digrii wanakwenda kanisani sawa na wasio nayo au hata kuwapita kidogo. Yaani shule kule inawatoa wengine nje ya mlango, na wale wanaobaki ndani haiwafanyi kuwa wavivu wa ibada.

Na kuna swali ambalo wanaoposti hizi tafiti hawajiulizi, kwanini Kanada na sio Geita? Watafiti Pippa Norris na Ronald Inglehart walieleza mwaka 2004 kitu ambacho kwangu kinaingia akilini kuliko vingine vyote, kwamba kinachopooza dini ni usalama wa maisha, na elimu yenyewe ni sehemu tu ya huo usalama. Mkanada akiongeza mwaka wa shule anaongeza na ajira, pensheni, bima, hospitali isiyomfilisi. Sasa kijana wa hapa akimaliza chuo anarudi nyumbani Buhongwa na cheti kwenye bahasha ya kaki, anakaa miaka anasubiri ajira, baba yake akiugua figo ukoo mzima unachangishana, yeye mwenyewe anaendesha bodaboda ya mkataba. Huyo shule imemuongezea madarasa, usalama haijamuongezea. Kanisa ndo linampa watu wa kumzika baba, ndo linampa mtu wa kumuunganishia kibarua, msikiti ndo unachanga akikwama. Ukimuambia huyo aache dini kwasababu amesoma atakuangalia kama umechanganyikiwa.

Sisi wenyewe ushahidi tunao na hatuhitaji kwenda mbali. Pew walipofanya utafiti wao mkubwa wa nchi za Afrika uliotoka 2010, Tanzania watu 93 kati ya 100 walisema wanaamini uchawi upo. Tisini na tatu! Ukifika namba hiyo huwezi tena kusema ni mambo ya wazee wa kijijini wasiojua kusoma, humo ndani lazima wamo walimu, manesi, wahasibu na mahakimu. Na haukupita mwaka, mwanzoni mwa 2011, nchi nzima ikajaribiwa kwa vitendo. Mchungaji mstaafu Ambilikile Masapila alikuwa anatoa kikombe cha dawa kule Samunge, Loliondo, kwa shilingi 500, na habari ikawa kinatibu kisukari, presha, mpaka ukimwi. Magari yalipanga foleni kilometa kwa kilometa. Kutoka huku Mwanza watu walikodi Noah na mabasi, wagonjwa walitolewa wodini na kubebwa. Na waliokunywa walikuwa nani? Mawaziri walikunywa, wabunge walikunywa, maprofesa walikunywa, wapo waliokwenda kwa helikopta. Kama elimu ingekuwa chanjo, ile foleni ingekuwa na watu wa darasa la saba peke yao, lakini ilikuwa kinyume, mwenye digrii ndo alikuwa na nauli ya kuwahi mbele.

Sasa nigeuke upande wa pili maana na wao wana maneno yao. Watu wa dini wakisikia mjadala huu wanajibu haraka, dini ndo iliyoleta elimu hapa, angalieni Bugando, angalieni chuo cha SAUT pale Malimbe, angalieni seminari na shule za masista zilivyokuwa zinajaza ile orodha ya shule kumi bora kila mwaka mpaka NECTA, Baraza la Mitihani, walipoacha kuitangaza Januari 2023. Kihistoria wana pointi. Mapadri wa Kikatoliki wa White Fathers walifika Bukumbi mwaka 1883, kabla hata Wajerumani hawajajenga ngome yao Mwanza mwaka 1892, na Kadinali Lavigerie, mwanzilishi wao, alikuwa amewawekea kanuni kwamba mtu afundishwe miaka minne ndo abatizwe. Miaka minne ya mafundisho kwa mtu ambaye hajawahi kuona daftari, hiyo ni shule hata kama hukuiita shule. Nassa nako wamisionari wa Kianglikana wa CMS walikuja miaka ileile ya 1880, baadae misheni ya AIM wakapokea, na mpaka leo ukienda kwa wazee wa AIC, kanisa lililotokana na hiyo misheni, wa Magu na Misungwi utakuta mzee ambaye shule ya serikali hakuiona lakini anakusomea Biblia ya Kisukuma bila kukwama, anakufafanulia na mstari, anakubishia na tafsiri yako.

Lakini kutoka hapo kwenda kusema dini fulani inamfanya mtu awe na akili darasani ni kuruka mto bila daraja. Seminari inachuja watoto kwa mtihani na usaili kabla hata hawajaingia, inawaweka bweni, ina maktaba, walimu wanalala hapohapo, na mzazi analipa. Chukua watoto haohao uwaweke kwenye sekondari ya kata yenye wanafunzi mia na kitu kwenye chumba kimoja uone kama rozari itawapa divisheni wani. Na hoja hii ina upande mchungu ambao Wakristo wa huku hawaupendi. Pew hao hao kwenye ripoti yao ya 2016 walikuta Afrika kusini mwa Sahara Mkristo mzima ana wastani wa miaka 6 ya shule na Muislamu 2.6, na nimeshakutana na watu wanaoitumia hiyo namba kama kwamba ni ushahidi juu ya Uislamu wenyewe. Huo ndo uvivu wa kufikiri. Wakati wa ukoloni milango mingi ya shule ilikuwa mikononi mwa misheni, na mzazi Muislamu akiangalia aliona mtoto ataingia Juma atatoka Joseph, kwahiyo akambakisha madrasa, na madrasa kwenye vitabu vya serikali haikuhesabiwa kuwa ni elimu. Kabla ya hapo hali ilikuwa imegeuka kichwa chini miguu juu, Waislamu wa pwani ndo walikuwa wasomi, wanaandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu tangu karne ya 18 na nyuma yake, na Wajerumani walipotaka watu wa kuandika na kutunza kumbukumbu za utawala waliwachukua hao wakawafanya maakida na makarani mpaka bara. Dini ni zileile, aliyeshika funguo ndo alibadilika. Na kwa vile sensa yetu haijauliza dini ya mtu tangu mwaka 1967, anayekuja leo na asilimia za Wakristo wangapi wamesoma na Waislamu wangapi hawajasoma ndani ya Tanzania, mwambie akuonyeshe amezitoa wapi.

Hapo nimegusa lugha, na ndipo ninapotaka kukaa kidogo. Kuna hoja moja ambayo kwangu ndo dhaifu kuliko zote lakini inapendwa na vijana wa chuo kwa vile inaonekana ya kisayansi, kwamba washika dini sana wana uwezo mdogo wa lugha. Inatokana na kazi kama ya Darren Sherkat ya 2010, Marekani, ambapo waumini wa makanisa ya mrengo mkali walipata alama chini kwenye jaribio la msamiati. Jaribio lenyewe lina maneno kumi. Kumi tu, ya Kiingereza, unachagua neno lenye maana ya karibu. Kwa kazi iliyokusudiwa kule ni sawa, wengi wanaoulizwa wamekulia kwenye lugha hiyo. Sasa ulete huku. Utapima nini? Utapima nani alisoma inglishi midiamu, basi, na ukishapata majibu utadhani umepima imani.

Nenda viwanja vya Furahisha pale Kirumba siku ya mkutano wa injili wenye mgeni kutoka nje, usimwangalie mgeni, mwangalie mkalimani. Mara nyingi ni kijana wa kawaida tu, suti imemzidi mabega, maiki mkono wa kulia na kitambaa cha jasho kushoto. Mzungu anasema sentensi, hajaifunga vizuri huyu ameshaitoa kwa Kiswahili, mzungu akirukaruka naye anaruka, mzungu akitoa utani wa baseball ambao hapa hakuna mtu angeuelewa jamaa anaugeuza palepale unakuwa wa Simba na Yanga, uwanja unacheka, mzungu anafurahi anadhani wamecheka baseball. Akitajiwa mstari wa Isaya anautoa kama ulivyo kwenye Biblia bila kufungua kitabu. Siku moja nilikaa karibu na jukwaa nikamuuliza mmoja wao baadae amesomea wapi ukalimani, akasema form foo, divisheni foo, Kiingereza alipata F. Alijifunza kanisani kwa kusikiliza kanda na kutafsiri kwenye ibada za katikati ya wiki. Weka hilo jaribio la maneno kumi mbele yake uone litakuambia nini kuhusu uwezo wake wa lugha. Na ukitaka mfano mkubwa zaidi huko kisiwani Ukerewe alizaliwa Aniceti Kitereza mwaka 1896, mtoto wa misheni, seminari ya Rubya ikampa Kilatini na Kijerumani na lugha nyingine juu yake, akawa katekista, na mwaka 1945 akamaliza riwaya ndefu kwa Kikerewe, lugha ya kisiwa, wakati ambapo hakuna mchapishaji aliyeitaka. Akaigeuza mwenyewe kwa Kiswahili, ikatoka 1980, mwaka mmoja kabla hajafa. Yule alikuwa mshika dini mpaka mwisho.

Kwahiyo uhusiano wa dini na lugha upo, ila sio ule. Kinachoniogopesha mimi ni kitu ambacho dini na shule zetu wanagawana. Ingia madrasa mchana utakuta mtoto wa miaka tisa anasoma juzuu nzima kwa Kiarabu kwa sauti nzuri, haelewi hata neno, na ustaadhi wake atakuambia maana itakuja baadae, na kwa Qur'ani hilo lina sababu yake kwasababu kuisoma kwenyewe ni ibada. Sasa toka hapo vuka barabara uingie sekondari ya kata. Mwalimu anaandika ubaoni kwa Kiingereza, wanafunzi wanaandika kwa Kiingereza, mwalimu anasema sentensi anaikata katikati, darasa zima linamalizia neno la mwisho kwa kuimba. Amina imekosekana tu. Ukimtoa mwanafunzi mmoja nje umuulize kwa Kiswahili hicho ulichoimba maana yake nini, anacheka, anaangalia chini. Na huyu hana sababu ya ibada, huyu ni bailojia. Anafika form foo amekariri, anakwenda chuo anakariri madesa, anatoka na digrii ya kukariri, na katika miaka yote kumi na sita hajawahi kumuambia mkubwa yeyote "hapo sijaelewa, rudia" bila kuonekana ana kiburi au ni kilaza.

Huyo mtu unampeleka Jumapili mbele ya nabii anayesema "mwambie jirani yako", na anamwambia jirani yake. Kwanini asimwambie? Ndivyo alivyofundishwa tangu darasa la kwanza, mwenye chaki anakata sentensi, wewe unamalizia. Nabii hakuanzisha hiyo tabia, ameikuta imeshaiva, na imeiva zaidi kwa aliyesoma miaka mingi kuliko kwa yule mzee wa Magu mwenye Biblia ya Kisukuma ambaye amezoea kusoma kitu kwa lugha anayoielewa na kukikataa akiona hakiendani na mstari wa juu yake. Nimeshaona mzee wa namna hiyo anamsimamisha mwinjilisti kijana mwenye diploma, kwa upole kabisa, "mwanangu hebu rudi sura ya nyuma kidogo", na kijana akakosa pa kushika. Ukiniuliza kati ya wawili hao nani ni vigumu kumuuzia mafuta ya upako, sitajibu kwa kuangalia vyeti.

Wapo watakaosema sawa, tuache waumini, lakini angalau kiongozi akiwa amesoma hatahubiri upuuzi, na watakutajia Shakahola. Kweli Paul Mackenzie kule Kenya alihubiri kwamba shule ni ya shetani, na mwaka 2023 ikafukuliwa miili zaidi ya 400 kwenye msitu ule. Mfano huo unauma na unaonekana unathibitisha kila kitu. Lakini upande wetu huu wa ziwa tuna mfano wa zamani zaidi ambao watu wameusahau. Tarehe 17 Machi 2000 kule Kanungu, Uganda, mamia ya watu waliteketea ndani ya kanisa lililofungwa milango na madirisha, na mengine mamia wakaja kukutwa kwenye makaburi ya pamoja. Kati ya viongozi wa lile kundi alikuwemo Dominic Kataribaabo, aliyekuwa padri, seminari kubwa ameimaliza, na masters ya mambo ya dini anayo, ameisomea Marekani, Loyola Marymount. Sheria ya Rwanda ingemkuta ana kila karatasi inayotakiwa, tena na chenji ingebaki. Joseph Kibwetere, kiongozi mwenzake, naye alikuwa mtu wa elimu kabla hajawa nabii. Watu waliwaamini kwa kiasi fulani kwasababu ya huo usomi, msomi mzima na padri hawezi kutupoteza, ndivyo walivyowaza.

Hilo ndo linalonitisha kwenye hoja ya digrii, kwamba inampa mwongo kibandiko. Leo tayari mabango ya barabarani kuanzia Mabatini mpaka Igoma yamejaa Dokta Nabii na Profesa Mtume, na udaktari wa heshima unapatikana kwa bei ambayo harambee ya Jumapili moja inalipa. Tukiweka sharti la digrii tutapata vyuo vya teolojia vya chumba kimoja ghorofa ya pili juu ya duka la vipuri, watoa vyeti watatajirika, nabii atatundika cheti madhabahuni na muumini atazidi kutulia. Atakayeumia ni mwingine kabisa. Visiwa vyetu hivi, Ukara, Kome, Maisome na vile vidogo vya wavuvi, padri anafika kwa boti pale anapoweza, katikati hapo ibada inaongozwa na katekista ambaye ni mvuvi au mkulima, ndiye anayezika, ndiye anayefundisha watoto sala na kusoma. Maalim wa kijiji naye ni vilevile. Hao hawana digrii na hawatakuja kuwa nayo, na hawajawahi kumuuzia mtu chumvi ya elfu hamsini. Sheria ingeanza kwa kuwanyamazisha wao maana ndo rahisi kuwakamata.

Naelewa mtu anaweza kuniuliza, kwahiyo tukae tu tuangalie? Hapana. Ila tuache kuchanganya mambo mawili. La kwanza ni wizi, na wizi hautibiwi kwa kumsomesha mwizi. Anayechukua hela za watu kwa kuahidi uponyaji anatakiwa aonyeshe hesabu, nani ameingiza, nani ametumia, gari limeandikwa jina la nani, kiwanja cha kanisa hati inasoma nani. La pili ni namna tunavyowasomesha waumini wote, wa dini zote na wasio na dini, na hilo ni la muda mrefu. Sera mpya ya elimu inataka elimu ya lazima iwe miaka 10. Watu wa tafiti za Kanada watasema basi tusubiri, vijana wakisoma miaka kumi dini itapungua. Mimi nabashiri haitapungua, labda maisha nayo yabadilike sana, ajira ziwepo na bima iguse kila nyumba. Kitakachoweza kubadilika ni kama kijana ataweza kusoma ukurasa, wa Biblia, wa hadithi za Mtume, wa mkataba wa bodaboda, wa maelezo ya dawa, akasema huu unasema hivi na hausemi vile. Na hilo haliwezekani kama ile miaka ya sekondari tutaendelea kuifundisha kwa lugha ambayo mwalimu mwenyewe anaikwepa akitoka nje ya darasa. Sisemi Kiingereza kifutwe, kifundishwe tena vizuri kuliko sasa, nasema bailojia na historia zisigeuzwe kuwa juzuu.

Mjadala wa lugha ya kufundishia umeshakuwa mkubwa kuliko mimi na sitaumaliza hapa, una wenyewe. Lakini hili la hesabu halihitaji kusubiri kizazi. Jumuiya za dini zinasajiliwa kwa msajili wa jumuiya, Wizara ya Mambo ya Ndani, na sheria tayari inazitaka zipeleke taarifa zao za kila mwaka. Wanaotaka tuige Rwanda waanze kudai taarifa hizo ziwekwe wazi, zibandikwe mlangoni mwa kila kanisa na kila msikiti kuanzia Nyamagana mpaka Sengerema, kwa Kiswahili, namba kwa namba, alafu tuone ni nani atakayekuwa wa kwanza kulalamika.